Waya Nene kwa Nyumba ya Mwanasesere

Mliponiaga kwa keki na kunivika shuka begani, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya stima, ili mwe na cha kusoma mimi nikiwa nimeshaenda shambani Matulo. Nimeandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Barua hizo ziko kwenye faili, na waliozisaini hawakuwahi kushika koleo. Nitawaeleza jinsi ya kutoamini, maana ndiyo kazi niliyoijua. Hata keki yenyewe, mtakumbuka, nilingoja mhasibu aonje kwanza.

Nilianzia Kitale kwa Fundi Simiyu, mtu wa kwetu aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya maduka ya mbolea. Siku ya kwanza alinionyesha waya iliyotokeza ukutani, akaniambia niishike, imezimwa. Nikaishika. Ilikuwa imezimwa kweli, lakini alinipiga kofi la kisogo hata hivyo. Akaniuliza nani alisema imezimwa. Nikamjibu ni yeye. Akasema, "Na mimi ni nani?"

Tangu hapo sijashika waya kwa maneno ya mtu. Testa kwanza. Na kabla ya kupima waya unaipima testa yenyewe mahali unapojua stima iko, kwa sababu testa nayo hufa bila kuaga. Ukimaliza, ipime tena. Wengi wenu mnaruka hatua hiyo ya mwisho, nimewaona, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimebakisha siku chache na sikutaka ugomvi.

Fundi Simiyu alikuwa na sheria nyingine: kiungo chochote kikae ndani ya kisanduku chake, mahali mtu anapoweza kukifikia. Kiungo kilichofichwa juu ya dari, alisema, ni sawa na deni la marehemu, kitajitokeza wakati hakuna wa kuulizwa. Jambo moja tu lilimshinda kunifundisha. Mimi hutumia mkono wa kushoto, na nikisokota waya mbili pamoja huzunguka kinyume na za mafundi wengine. Alijaribu miezi kadhaa kunirekebisha, mwishowe akachoka. Akichungulia kazi alijua mara moja ni ipi yangu na ni ipi yake.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa nyumba ya mkulima wa mahindi kwenye barabara ya Suam, watu waliohamia kutoka upande wa kati wa nchi zamani. Fundi Simiyu alikuwa matangani. Nilimaliza kwa siku mbili, mzee wa nyumba akanipa chai na viazi vitamu bila kuniuliza jina, mkewe akiwa safarini, taa zikawaka zote, nikarudi mjini nikijiona bwana mkubwa. Hayo ndiyo niliyowasimulia watu kila waliponiuliza nilivyoanza.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Bungoma, kwenye hiki chuo chetu, na sikuondoka tena. Mnajua visa vingine, kwa hiyo nitataja kimoja tu. Taa za jikoni kwa mwalimu mkuu zilikuwa zikififia kila jioni. Wote walisema ni transfoma. Mimi nilimshuku jirani, mtu wa kanisa, mpole, aliyenisalimia kwa mikono miwili. Nikafukua ua wa miwa kati ya nyumba hizo mbili, nikakuta waya imezikwa vizuri kama mhogo, inaelekea kwenye mashine yake ya kuchomelea madirisha. Nilikuwa sahihi siku hiyo na siku nyingi nyingine, na mtu akiwa sahihi mara nyingi huanza kuamini kwamba ubaya wote uko upande wa pili wa ua.

Sasa nije kwa ile nyumba ya mwanasesere, kazi yangu ya mwisho kabisa. Nyinyi mliiona juu ya meza yangu mkacheka.

Aliyeileta ni mama mmoja mzee kutoka Kitale, jina lake Mama Kariuki. Alifika na pikapu ya kabichi, nyumba imefungwa kwa leso mbili. Alinisalimia Bwana asifiwe, akauliza kama mimi ndiye fundi Wanyonyi aliyewahi kufanya kazi Kitale siku za zamani. Nikasema inategemea nani anauliza. Hakucheka. Alisema anataka niweke taa zinazowaka kweli ndani ya nyumba ile, ya mjukuu wake.

Nilianza kushuku kabla hajamaliza kufungua leso. Kwanza, Kitale imejaa mafundi, kwa nini asafirishe kitu cha mtoto hadi Bungoma? Pili, nilimwuliza mjukuu ana miaka mingapi, ikambidi afikirie. Tatu, nyumba yenyewe. Ilikuwa ya plywood, paa la bati la debe linalonyanyuka kama kifuniko. Ilikuwa na sebule, vyumba viwili vya kulala, jikoni, na nyuma ya jikoni, stoo. Nimeona nyumba za wanasesere kwenye maduka ya wenye pesa. Zina ngazi, zina bafu. Lakini nani humjengea mwanasesere stoo ya mahindi?

Halafu akatoa waya. Kwa kazi kama hiyo mnajua ninavyofanya: taa ndogo za LED za ukubwa wa punje ya mtama, kila moja na rizista yake ya kupunguza stima, adapta ya redio ya volti kumi na mbili, na waya nyembamba ya simu inayopita popote. Matundu unatoboa kwa msumari uliopashwa moto, ubao usipasuke. Mama Kariuki hakutaka waya ya simu. Alikuwa amekuja na waya ya nyumba, milimita moja na nusu, nyekundu na nyeusi, tena imekatwa vipande vifupi vifupi. Nikamwambia huko ni kumfunga kuku kwa mnyororo.

"Tumia hiyo hiyo, fundi," akasema. "Na usichomee na risasi ya kuyeyusha, usiweke vile vidude vya prastiki vya kuunga waya. Sokota tu na mkono."

"Vipande ni vifupi, mama. Viungo vitakuwa vingi."

"Si ndio kazi yako?"

Alipoondoka nikainyanyua ile bati na kuingiza tochi. Kwenye kila ukuta, karibu na dari, kulikuwa na matundu matatu yaliyozibwa kwa vumbi la mbao na gundi. Kwa hiyo taa ziliwahi kuwekwa mara tatu, na mara tatu zikang'olewa. Nikakaa chini. Nilifikiria uchawi, nikaona uchawi hauhitaji milimita moja na nusu. Nikafikiria ni mtego wa ofisi, wananitafutia kosa la kufanya kazi za nje kwa vifaa vya chuo ili nikose malipo ya uzeeni. Hilo nililiamini siku nzima. Nikaanza kufanya kazi hiyo wakati wa chakula cha mchana tu, kwa koleo zangu za nyumbani, na mlango wazi ili kila mtu aone. Ndiyo sababu mliona kila kitu, si kwa ukarimu.

Siku ya tatu nikampigia simu Masinde, fundi wa Kitale tuliyekuwa rika moja. Nikamwuliza kama anamjua mama mwenye nyumba ya doli. Alicheka sana, akasema hata yeye alimwekea taa, mwaka juzi. Waya ileile nene, masharti yaleyale. Alipomaliza, yule mama alivaa miwani, akanyanyua paa, akaangalia viungo kimoja kimoja, akamshukuru, akamlipa, akaondoka. Wawili wengine aliowajua walifanyiwa hivyo hivyo, wote watu waliokuwa Kitale miaka ileile yangu.

"Lakini bana, kitu moja ilinishangaza," Masinde akasema. "Taa zenyewe hakuwasha. Hata moja."

Mnaweza kudhani hapo ningeelewa. Sikuelewa, au sikutaka. Nilisokota viungo vyangu kumi na vinne kama nilivyozoea, kwa mkono uleule, nikavifunga tepu nusu tu ili avione akitaka. Nimejiuliza mara nyingi: kama ningejua anachotafuta, ningetumia mkono wa kulia? Silipendi jibu ninalopata.

Alirudi Ijumaa, nyinyi mkiwa kwenye mkutano. Niliwasha taa zote kabla hajakaa. Kusema kweli zilipendeza. Sebule iling'aa, na dirisha dogo la stoo likatoa mwanga juu ya meza. Hakuziangalia. Alivaa miwani, akanyanyua bati, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, nami nikawa najifanya kupanga spana. Kisha akafungua mkoba na kutoa kopo la majani ya chai, na kutoka ndani ya kopo akatoa viungo viwili vya shaba na kuviweka juu ya meza yangu, kando ya vyangu.

Kimoja kilikuwa kizima, na rangi nyekundu ya waya bado inaonekana. Kingine kilikuwa cheusi, na ncha yake imeyeyuka ikawa tone. Vyote viwili vilizunguka kinyume.

Nilivijua. Sikuhitaji miwani wala tochi. Waya ilikuwa imeniishia pale barabara ya Suam, mita moja kabla ya kufika stoo. Nikaunga kipande jikoni, nikaunga kingine juu ya dari ya stoo, nikazungusha tepu, nikafunika ubao. Visanduku sikuwa navyo. Nilijiambia nitarudi navyo wiki ijayo, na fundi akisema wiki ijayo mwenyewe huwa anajua ni uongo. Mvua ikapita, mahindi yakavunwa, wakaijaza stoo magunzi makavu hadi darini, kama kila mtu Kitale anavyofanya. Kiungo kilicholegea hupata joto. Magunzi hayahitaji joto kubwa.

"Hii nyeusi nilitoa kwa jivu asubuhi yake," Mama Kariuki akasema. "Hii ingine ilikuwa dari ya jikoni, hapo moto haikufika. Taa ya stoo ilikuwa inacheza-cheza wiki mzima. Nikaambia mzee wangu, akasema ni upepo."

Alinieleza taratibu, bila kupandisha sauti. Jioni ya moto, mume wake alimkuta mtoto wao Kariuki akitoka mbio stooni, mshumaa mkononi. Stima ilikuwa imepotea, mtoto alikuwa ameenda kutafuta paka aliyezaa mle ndani. Stima iliporudi, ndipo moshi ulipoonekana. Hakuna aliyeuliza habari ya stima, kitu kipya, fahari ya boma. Mzee alimchapa Kariuki mbele ya majirani na kumwita mchoma nyumba, na jina hilo likamfuata shuleni. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Kabla mwaka haujaisha alitorokea kwa mjomba Suam, kisha akashuka hadi Lwakhakha, ambako mpaka leo anauza vitunguu vinavyovuka mpaka. Alikuja kumzika baba yake, akaondoka siku hiyohiyo. Wajukuu, mama yake amewaona kwa simu tu. Na kila alipomwomba arudi, Kariuki alijibu kwamba hawezi kulala kwenye boma alilochoma.

Kisha akaniuliza, "Wewe ulifanya na Simiyu?"

Nikasema ndiyo. Na hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyofanya kazini. Fundi Simiyu amekufa, hana mtoto wa kumtetea. Nikavitazama vile viungo, nikasema, "Hiyo ni kazi yake, mama. Siku hizo mimi nilikuwa nambebea ngazi tu."

Alivua miwani. Alisema alimtafuta Fundi Simiyu kabla hajafa, akamkuta kitandani, akamwonyesha. Simiyu alimwambia si mkono wake, ni wa kijana wake mmoja wa kushoto. Alipomwomba jina, alikataa.

"Aliniambia, huyo akiwa mtu atakuja mwenyewe. Nimengoja, fundi. Nikaona mimi nitakufa nikingoja. Ndio nikatengeneza hii nyumba."

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimewashuku ofisi, wachawi, jirani wa mwalimu mkuu, hata yule mjukuu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamwambia ni mimi. Hakulia wala hakunitukana. Alitoa simu, akabonyeza, akaiweka kati yetu, kando ya ile nyumba iliyokuwa bado inawaka. Sauti ya mwanamume ikaitika, nyuma yake watu wakibishana bei. Mama Kariuki akasema maneno machache kwa Kikuyu, halafu akanisukumia simu. "Mwambie wewe."

Nikamwambia Kariuki mimi ni nani, nikamweleza waya iliyoisha, kiungo, stoo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama amekulipa ngapi useme hivyo?" akauliza.

Nilitaka kukasirika, nikaona sina haki. Mimi mwenyewe nisingemwamini mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo nikamwambia kile ambacho hata mama yake sikuwa nimemwambia, kile ambacho mtu wa kulipwa hangekubali kukisema.

"Nilikuwa Kitale wiki hiyo. Nilisikia imeungua. Nilisikia moto ulianzia stoo, nikajua nilichoacha huko juu. Nilisikia pia kuna mtoto amechapwa. Nikatafuta kazi Bungoma."

Mama Kariuki aligeuza uso, akatazama dirishani. Kisha Kariuki akasema anataka kuongea na mama yake. Waliongea kwa lugha yao. Alipokata simu aliniambia Kariuki anakuja Kitale Jumamosi ya wiki ijayo na anataka nimkute bomani. Nikauliza ni kwa nini. Alisema hakumwuliza, na akaanza kufunga nyumba kwa leso. Taa nilizima mimi.

Siku zote kabla ya Jumamosi sikula vizuri. Niliwaza panga, niliwaza polisi, niliwaza vijana wa Lwakhakha ndani ya lori la vitunguu. Mke wangu alisema nitafute mtu wa kunisindikiza. Nikaenda peke yangu.

Nyumba ya sasa imejengwa kando. Palipokuwa na ile ya zamani pana sukuma wiki, na mawe ya msingi yanatokeza hapa na pale. Kariuki alifika saa tano, mtu mzima mwenye mvi, peke yake. Alimkumbatia mama yake. Mimi hakunipa mkono.

"Nionyeshe," akasema.

Tukaingia ndani ya sukuma, wote watatu. Nilitafuta jiwe la pembe, nikahesabu hatua: hapa jikoni, hapa ukuta, hapa stoo. Nikasimama na kunyoosha kidole juu ya kichwa changu, mahali pasipo na kitu, anga tupu. Nikamwambia kiungo kilikuwa hapo, juu ya ubao, upande wa nyuma kabisa.

Aliuliza mlango ulikuwa wapi. Nikamwonyesha. Akaenda akasimama pale mlangoni, kwenye majani yanayomfika magotini, akatazama pale kidole changu kilipokuwa. Kulikuwa na hatua sita au saba kati yetu. Alitazama pale juu, akatazama miguu yake, akatazama tena juu.

"Mimi nilifika hapa tu," akasema. "Paka alikuwa hapa kwa mlango."

Mama yake akamwambia anajua.

"Mama, huo mshumaa nilikuwa nimezima."

"Najua, Kariuki. Uliniambia."

"Nilikuwa nimezima," akasema tena, taratibu, bila kumtazama yeyote kati yetu, na ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika.